Binti mwema naye achanjwe



Leo tunaomba tuweke pembeni mishono ya Idi na rangi za shela. Tunaandika kutoka Kariakoo, sisi washonaji na wauza vitambaa ambao mabibi harusi wengi wa Unguja na Dar wanapita mikononi mwetu, na tuna jambo limetukaa kooni. Jambo lenyewe ni chanjo ya saratani ya mlango wa kizazi, ile wanayochanjwa mabinti mashuleni.

Kila zikija siku za chanjo katika shule za mjini hapa, wapo akina mama wanaomwambia mtoto, "Leo usiende shule, tutasema tumbo linakuuma." Tunawajua. Ni majirani zetu, ni wateja wetu, ni wenzetu wa kwenye vikoba na maulidi. Ni wanawake wa sala tano, na wanafanya hivyo kwa mapenzi ya mtoto. Lakini tunasema bila kuzunguka: wanakosea, na atakayelipa ni mtoto, si mama.

Upande wa pili, hao wanaoleta chanjo nao wana lao. Tutawafikia. Leo hatumwachi mtu.

Kwanza tujue tunazungumza nini

Saratani ya mlango wa kizazi inaletwa na kirusi kinachoitwa HPV. Kirusi hiki kiko kila mahali duniani, na watu wengi waliokwisha kuingia kwenye ndoa hukipata wakati mmoja au mwingine bila kujua. Mara nyingi mwili unakifukuza wenyewe. Kwa baadhi ya wanawake hakitoki, kinakaa kimya, na baada ya miaka 15 au 20 kinageuka saratani. Mwenye kinga dhaifu, kama anayeishi na VVU, inaweza kumchukua miaka 5 mpaka 10 tu.

Piga hesabu. Binti anaolewa na miaka 22. Ugonjwa unakuja kujitokeza ana miaka 40, watoto wanne, mdogo bado yuko msingi. Hapo ndipo nyumba inapoyumba.

Kwa makadirio ya mwaka 2020 ya shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, Tanzania ilikuwa na wagonjwa wapya zaidi ya 10,000 wa saratani hii kwa mwaka mmoja, na wanawake zaidi ya 6,000 walikufa. Hiyo ni wastani wa wanawake zaidi ya 16 kila siku. Hakuna saratani nyingine inayoua wanawake wengi hivyo katika nchi yetu.

Chanjo ilianza kutolewa nchi nzima Aprili 2018. Uzinduzi ulifanyika hapa hapa Dar es Salaam, na aliyezindua ni Mama Samia Suluhu Hassan, wakati huo Makamu wa Rais, mwanamke wa Kizanzibari na Muislamu kama sisi. Mwanzo walichanjwa mabinti wa miaka 14 na zilitakiwa dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja tu, kwa mabinti wa miaka 9 mpaka 14. Sindano moja ya begani, bure, na inamfuata mtoto shuleni.

Kuna waliouliza, "Mbona mbili zimekuwa moja? Wanatujaribia?" Jibu lipo. Mwaka 2022 wataalamu wa Shirika la Afya Duniani walikubali kuwa dozi moja inatosha kwa mabinti, na sehemu ya ushahidi huo ilitoka kwetu Afrika Mashariki. Kule Mwanza walifuatiliwa mabinti 930 wa miaka 9 mpaka 14, wakaonekana kuwa kinga ya dozi moja inabaki mwilini. Kenya, katika miji ya Nairobi, Thika na Kisumu, walifuatiliwa wasichana 2,275 wa miaka 15 mpaka 20. Baada ya miezi 18 dozi moja ilikuwa imewakinga kwa zaidi ya asilimia 97 dhidi ya aina mbili za kirusi zinazoleta saratani nyingi zaidi. Hao si watu wa mbali. Ni watoto wa majirani.

"Mwanangu si mhuni, chanjo ya nini?"

Hili ndilo neno kubwa, na ndilo tunalotaka kulipinga kuliko yote.

Mama anasikia kuwa kirusi kinaambukizwa kwa kujamiiana, basi anaona karatasi ya chanjo ni kama tusi. Anaona shule imemwambia kuwa binti yake ana tabia mbaya au atakuwa nayo. Anasema, "Wangu nimemlea katika dini. Hiyo wapelekeeni wa kwao."

Dada yetu, hebu tulia. Tuseme ni kweli, na inshaallah ni kweli, binti yako amelelewa vizuri. Hajui mwanamume mpaka usiku wa harusi. Umempamba, somo amemfunda, hina imekolea, udi umefukizwa. Sasa tuambie: mume unayempa, unamjua ametoka wapi?

Huenda ni kijana mzuri, anasali safu ya mbele, ametubia yaliyopita. Toba yake iko baina yake na Mola wake, wala si kazi yetu kumchimba. Lakini kirusi hakijui toba. Huenda aliwahi kuoa akaacha, kwa halali kabisa. Huenda ni mjane. Huenda binti yako anaingia mke wa pili, na mke wa kwanza naye aliwahi kuwa na mume mwingine kabla. Kote huko hakuna haramu hata moja, na kirusi kinaweza kupita kote. Mwanamume anaweza kuwa nacho mwilini haoni dalili yoyote, wala hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima kabla ya ndoa. Mnawapeleka wachumba wakapime VVU, na mnafanya vizuri, lakini cheti kile hakikuambii chochote kuhusu HPV.

Kwa hiyo usafi wa binti ni ngao ya nusu. Nusu nyingine iko kwa mtu ambaye hujamzaa wala hujamlea.

Na kuna jambo ambalo mama anayemficha mtoto hajaambiwa vizuri. Chanjo hii inafanya kazi vizuri zaidi kwa yule ambaye hajawahi kukutana na kirusi. Ndiyo maana inatolewa kuanzia miaka 9, si kwamba wanadhani mtoto wa miaka 9 ameharibika. Ikiwa kuna chanjo iliyotengenezwa kwa ajili ya mwari aliye ndani kwao, ni hii. Unapomwondoa binti yako mwema kwenye mstari, umemwondoa yule hasa aliyekusudiwa.

Na wale wanaosema chanjo itamfungulia mtoto mlango wa uzinzi, tunawauliza: mtoto wa darasa la nne anajua nini kuhusu sindano ya bega? Anajua inauma. Adabu ya mtoto inatoka nyumbani na madrasa, na anachokiona kwa mama yake. Kama adabu tuliyomfundisha inaweza kuondolewa na sindano moja, basi hatukumfundisha.

"Inafunga kizazi"

Meseji hizi zinazunguka kwenye magrupu ya WhatsApp kila chanjo inapokuja, na hazina jina la mwandishi. Hata Kenya mwaka 2014 chanjo ya pepopunda ya akina mama ilizushiwa hivi hivi.

Tujiangalie sisi wenyewe. Wengi wetu tulichomwa sindano za pepopunda, na wengine tulichomwa tukiwa na mimba. Tukazaa. Watoto wetu wamepata matone ya polio na chanjo ya surua, na wamemeza dawa za minyoo na kichocho pale pale shuleni. Hatukukusanyika kulalamika. Imekuja moja inayotaja sehemu za siri za mwanamke, ndipo tumepata wasiwasi. Tuulizane kama tatizo ni sindano au ni haya.

Australia ilianza kuchanja wasichana mashuleni mwaka 2007. Wale wasichana leo ni wake za watu na wana watoto. Rwanda walianza 2011, Uganda 2015. Kama ingekuwa inafunga kizazi, wodi za wazazi zingekuwa tupu, na hilo halifichiki.

Kinachofunga kizazi tunakijua, ni saratani yenyewe. Mwanamke anaondolewa nyumba ya uzazi au anapigwa mionzi, na habari ya kuzaa inaishia hapo. Mama anamficha mtoto ili aje azae, kumbe anamwachia mlango wazi ule ugonjwa unaochukua uzazi.

Uskoti walipochunguza kumbukumbu zao, mwaka 2024 walitangaza kuwa kati ya wasichana waliochanjwa wakiwa na miaka 12 au 13, hawakupata hata mmoja aliyeugua saratani hii. Uingereza, katika utafiti wa mwaka 2021, waliona saratani imepungua kwa asilimia 87 kwa waliochanjwa wakiwa na umri huo. Hayo ndiyo matokeo ya sindano tunayoikimbia.

Madhara madogo yapo, na tuyaseme ili mtu asishtuke. Bega linauma siku moja au mbili. Mwingine anapata homa kidogo au kichwa. Wasichana wa umri ule wakiona sindano wengine huzimia, ndiyo maana wanatakiwa wakae wamepumzika kama dakika 15 baada ya kuchomwa. Mtoto aliyewahi kupata mzio mkali wa dawa, mama aseme kabla. Basi.

"Si halali, na sisi tunamtegemea Mungu"

Swali la halali ni haki ya kila Muislamu, na hatumcheki anayeuliza. Aina iliyoanza kutumika hapa nchini mwaka 2018 inaitwa Gardasil. Protini yake inatengenezwa kwa hamira, jamii ya hii tunayotia kwenye maandazi, na haina jelatini ya nguruwe. Haina kirusi kizima ndani, ni ganda tupu linaloufundisha mwili kumtambua adui, kwa hiyo haiwezi kumpa mtoto ugonjwa. Ukitaka uhakika zaidi, nenda siku hiyo umwombe muuguzi akuonyeshe kichupa na jina lake, kisha umuulize shehe wako. Lakini mpelekee swali lenye taarifa kamili, usimpelekee meseji ya WhatsApp.

Na tuwatazame Waislamu wenzetu. Abu Dhabi walianza kuchanja mabinti mashuleni mwaka 2008, Malaysia 2010, Senegal 2018. Kenya ilipoanza mwaka 2019, uzinduzi ulifanyika Mombasa, kwa ndugu zetu wa pwani. Je, hao wote hawana masheikh?

Kuhusu kutawakali, kila mmoja wetu anaijua habari ya yule bedui na ngamia wake, alivyoamrishwa na Mtume, rehma na amani zimshukie, kumfunga kwanza ndipo amwachie Mungu. Tunaisimulia kwenye darsa, tukitoka nje tunamwacha ngamia. Hakuna anayekwenda Hija bila kuchanjwa homa ya uti wa mgongo, kwa sababu Saudia wenyewe wameiweka kuwa sharti. Hatujasikia haji hata mmoja akisema chanjo ile imempunguzia imani. Ikiwa tunachanjwa kwenda kumzuru Mola katika nyumba yake, vipi tunaona dhambi kumchanja binti aende nyumbani kwa mume akiwa salama?

Damu tunayoiuliza nusu

Sasa tuseme na akina mama wenyewe, maana ugonjwa huu unafichwa zaidi na wakubwa kuliko wadogo.

Mwanamke akiona damu nje ya siku zake, kitu cha kwanza anachofanya ni kumtafuta ustadhati: hii ni hedhi au istihadha? Nisali nisisali? Swali zuri, na jibu analipata siku ile ile. Lakini swali la pili, damu hii inatoka wapi, haulizi mtu. Anajifunga kitambaa, anatawadha kwa kila sala kama alivyofundishwa, na maisha yanaendelea, mwezi, miezi sita, mwaka.

Damu baada ya tendo la ndoa, damu katikati ya mwezi, damu kwa mama aliyekwisha koma hedhi, uchafu wenye harufu mbaya usiokoma, maumivu ya kiuno na chini ya kitovu: hizi si habari za aibu, ni habari za kupeleka hospitali. Tunamwomba kila ustadhati, akishajibu suala la sala, aongeze neno moja: "Na kesho nenda kapimwe."

Wagonjwa wengi wa saratani hii wanafika Taasisi ya Saratani ya Ocean Road ugonjwa ukiwa umekwisha kupanda hatua ya tatu na ya nne. Na kwa miaka mingi wagonjwa wa visiwani wamekuwa wakivuka bahari kufuata mionzi huko huko. Dada zetu wa Unguja, fikirieni ile boti ya asubuhi. Ikifika Dar, wapo wanaoshuka wakaja kwetu Kariakoo na orodha ya shela, viatu na vitambaa vya send-off. Na katika boti hiyo hiyo wapo wanaogeukia upande wa pili, wakifuata ufukwe kwenda Ocean Road na bahasha ya majibu mkononi. Kutoka bandarini pote pawili si mbali.

Wahenga walisema aibu ya maiti aijuaye mwosha. Wanawake wanaoosha maiti zetu wanaona yale ambayo ugonjwa huu umefanya, na dini inawaamrisha wasitiri, nao wanasitiri, Mungu awalipe kheri. Stara ile ni haki ya maiti. Lakini sisi tulio hai tumeichukua tukaifanya desturi ya wazima. Msibani tunaambiwa "aliugua tumbo" au "alirogwa", na binti wa marehemu aliyekaa pale kwenye jamvi, mwenye miaka 12, hajui kilichomuua mama yake. Mwezi ujao inakuja chanjo ya kumkinga na kitu hicho hicho, na shangazi yake anamficha chumbani.

Nanyi mnaoleta chanjo, tusikilizeni

Tumewasema wenzetu, sasa zamu ya serikali yetu, kuanzia halmashauri ya jiji, idara ya afya mpaka walimu wakuu. Hofu ya akina mama haikuzuka yenyewe. Nyingine mmeipanda nyinyi.

Taarifa mnaipeleka kwenye begi la mtoto. Mama wa Kariakoo anatoka alfajiri kwenda kupokea mzigo, anafunga duka usiku, na tangu mwaka 2025 kuna wanaofanya biashara mpaka usucha kwa mpango wa saa 24. Karatasi iliyokunjwa ndani ya daftari la Hisabati haimfikii. Anachokisikia ni mtoto kurudi nyumbani anasema, "Leo tumechomwa sindano ya kizazi." Hapo mmeshampoteza, yeye na wadogo zake watatu wanaofuata.

Mikutano ya wazazi mnaiita saa nne asubuhi siku ya kazi. Njooni sokoni. Vyama vya wafanyabiashara vipo, vikoba vipo, misikiti ipo, madrasa za jioni zipo. Tuleteeni muuguzi mwanamke, mtu mzima, akae nasi nusu saa baada ya alasiri ajibu maswali yetu hata yale ya kijinga. Tutawapa sehemu, na viti tutatoa sisi.

Jambo jingine ni stara. Tumeona mabinti wakipangwa kwenye baraza la shule, wavulana wanachungulia dirishani, binti wa hijabu anaambiwa avute gauni bega litokee. Sisi ni washonaji, tunajua mkono wa sare ya hijabu ulivyo: umebana kwenye kiwiko, haukunjiki mpaka begani. Kwa hiyo binti hana njia ila kulegeza shingo ya nguo mbele za watu. Kwa sindano ya dakika moja mmemfundisha kuwa afya na haya haviendi pamoja, na ataikumbuka siku hiyo mpaka atakapotakiwa kwenda kupimwa akiwa mama. Chumba kimoja, pazia moja na muuguzi wa kike. Hilo halihitaji bajeti ya wafadhili.

Mkumbuke pia kuwa si kila binti wa mjini yuko shuleni. Ndani ya nyumba zetu na vichochoroni wapo waliokatishwa masomo, waliokuja mjini kwa ndugu, wanaouza maji na karanga. Chanjo inayoishia getini mwa shule inawaruka hao, na hao ndio wasio na mtu wa kuwapeleka kituo cha afya. Na wakuu wa shule za binafsi, zikiwemo za Kiislamu, msifunge geti kwa kuogopa wazazi. Waiteni wazazi muwaeleze.

Tufanye nini

Tusimalize kwa kulalamika. Kuna mambo yaliyo mikononi mwetu.

Mama mwenye binti wa miaka 9 mpaka 14: usisubiri karatasi. Mwulize mwalimu wa darasa kama mwanao amechanjwa na chanjo inakuja lini. Kama shule yake imepitwa, mpeleke kituo cha afya au hospitali ya serikali iliyo karibu. Siku hiyo mpe chai kabla hajatoka, na mvalishe fulana ya mikono mifupi ndani ya sare ili bega litoke bila kudhalilika. Kadi yake ipige picha uihifadhi kwenye simu, maana sisi watu wa mjini tunahama vyumba kila mwaka na karatasi zinapotea.

Mwambie mtoto ukweli kwa lugha ya umri wake: "Hii ni kinga ya ugonjwa wa wanawake, uje uwe mama mwenye afya." Hahitaji zaidi ya hapo.

Bibi harusi mtarajiwa uliyevuka umri huo: hujaachwa. Muulize daktari kama bado chanjo inakufaa. Na weka nia ya kupimwa. Wanawake wa miaka 30 mpaka 50 wanapimwa mlango wa kizazi katika vituo vingi vya serikali kwa njia nyepesi. Muuguzi anapaka siki, anaangalia rangi, na majibu unayapata hapo hapo. Doa likionekana mapema linatibiwa kabla halijawa saratani. Anayeishi na VVU asingoje miaka 30, aulize mapema zaidi. Hata aliyechanjwa anatakiwa kupimwa akifika umri, kwa sababu chanjo haifungi kila aina ya kirusi.

Masomo na makungwi: mnakaa na mwari siku saba, mnamfundisha kupika, kujisafisha, kumpokea mume. Ongezeni funzo moja, dalili za hatari na wapi pa kwenda. Neno lenu linasikika kuliko la daktari. Na kwenye kicheni pati, badala ya kumjazia bibi harusi mabeseni 12 na seti 5 za vikombe, shoga mmoja amuahidi: "Ukifika miaka 30 nitakusindikiza tukapimwe wote."

Na waume mnaosoma kupitia simu za wake zenu, tunajua mpo: chanjo hii inamlinda binti yenu, na asili ya hatari yenyewe ni nusu yenu. Msiseme "hayo ni ya wanawake" mkajitoa. Saini ya baba kwenye ile karatasi ina uzito.

Gauni la harusi tunaloshona linaanzia laki kadhaa mpaka zaidi ya milioni. Watu wanalipa, wengine kwa mkopo, nasi tunashukuru kwa riziki. Linavaliwa usiku mmoja. Sindano hii ni bure na inamlinda aliye ndani ya gauni kwa miaka mingi inayofuata. Mama anayekopa kwa ajili ya shela halafu anamficha binti siku ya chanjo, tutamshonea kwa sababu ni kazi yetu, lakini hatutakaa kimya.

Mficha maradhi kifo humuumbua. Safari hii kisimuumbue mtoto ambaye hakuficha kitu.

Ewe Mola, walinde mabinti zetu, waponye walio vitandani Ocean Road na kwingineko, uwarehemu waliotangulia, na utujaalie kuwa mama wenye ujasiri. Amin.

Wabillahi tawfiq.